Msitu wa Karura: ninaporudi kila Jumatano na Jumamosi

Gimu ya mwisho nililipia mwaka mzima, nikaenda wiki saba. Vioo kila ukuta, wanaume wamejaa kwenye vyuma, nami ni mwanamke wa buibui. Kila nikiinama nahisi natazamwa. Karura, msitu wa hapa Nairobi, naingia mwaka wa pili sasa, wala hakuna anayenisukuma kuendelea.

Aliyenipeleka ni wifi yangu. "Twende tukatembee tu, wifi, tupige soga." Tunaingia lango la Barabara ya Limuru saa moja na nusu asubuhi. Kiingilio unalipa kwa simu, basi weka salio mapema. Tunashika njia ya kwenda kwenye maporomoko: udongo mwekundu, kivuli, mianzi ukikaribia mto, na siku ya bahati mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe. Njia panda zina vibao vya nambari, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Tukirudi langoni zimepita dakika 75 na habari za ukoo hazijaisha. Mara mbili kwa wiki, zimetimia zile 150 alizonitaka daktari kwa ajili ya presha.

Nilipohamia Nairobi kutoka Mombasa mwaka 2003, Karura ilitajwa kwa woga: wizi, ubakaji, maiti kutupwa. Leo kuna uzio wa umeme na askari wa doria. Nakutana na wasichana wanakimbia peke yao, mama anasukuma kigari cha mtoto, bibi na mkongojo wake. Kwangu mimi usalama huu ndio unaomrudisha mwanamke. Ukiwa unageuka nyuma kila hatua kumi, mwendo hauwezi kuwa na raha, hata uwe na viatu vya bei gani.

Na msitu wenyewe tumeachiwa na mwanamke. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuja kupanda miti hapa kupinga ardhi kugawiwa matajiri, akapigwa kichwani hadi akavuja damu. Kila nikipita chini ya miti mikubwa namwombea.

Masika ujiandae: njia za kando ya mto huteleza sana, raba zenye soli laini ziache nyumbani. Ndizi usiile wazi, kima watakupokonya. Linaloniuma ni gharama. Nauli ya kwenda na kurudi ukijumlisha na kiingilio, mama wa mtaa wa mabanda wa Mathare mwenye watoto wanne hawezi kuja mara mbili kwa wiki, naye presha anayo kama mimi. Natamani kungekuwa na asubuhi moja ya bure kwa kina mama.

Wifi amesafiri kwenda Lamu. Jumamosi hii nitaingia peke yangu kwa mara ya kwanza, saa ile ile, na njia ni ile ile ya maporomoko.