Athens au Rome kwa Mwanafunzi wa Akiolojia ya Kale?

Kwa kazi ya kuchimba, Athens ina nguvu. Shule ya Wamarekani ya Masomo ya Kale, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa huko mwaka 1881, imechimba Korintho tangu 1896 na Agora (uwanja wa soko wa kale) ya Athens tangu 1931, na katika maeneo ya namna hiyo mwanafunzi hushika mwiko, huosha vigae vya vyungu na kujifunza kuviwekea kumbukumbu. Hata hivyo, mtafiti wa kigeni huomba kibali cha kuchimba kupitia shule ya akiolojia ya nchi yake iliyoko Ugiriki, hivyo ambaye nchi yake haina shule hulazimika kujiunga na kikosi cha wengine.

Rome humfaa zaidi mtu wa maktaba na maandishi ya mawe, kwani taasisi ya akiolojia ya Wajerumani ina mizizi yake huko tangu 1829, na Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano na ulioanza kuchimbwa mwaka 1748, haiko mbali kwa treni. Kiitaliano nacho ni chepesi kuliko Kigiriki cha leo, ingawa kwa kusoma tafiti, Kijerumani na Kifaransa (hili huwashtua wengi) havikwepeki popote.

Mpenda vyungu na matabaka ya udongo aanzie Athens. Mwenye tasnifu ya maandishi ya Kilatini na ufadhili wa miezi michache atanufaika zaidi Rome.