TAHADHARI: Vishoka wanaouza "viza ya kustaafu" Dar es Salaam

Wazee wetu mliostaafu Ulaya, Marekani au Kanada mkarudi kuishi Kigamboni, Mbezi au Bunju na pasipoti ya nje, pamoja na ninyi watoto mnaowashughulikia wazee hao, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna vishoka, yaani madalali wasio rasmi, wanazunguka Posta na kwenye magrupu ya WhatsApp ya diaspora wakiuza kitu wanachokiita "viza ya kustaafu, mwaka mzima, siku tatu mkononi". Uhamiaji haitoi viza ya namna hiyo. Mstaafu ambaye si raia anaombewa kibali cha ukaazi daraja C, kundi moja na wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Anayekuuzia kitu kingine kwa jina la kustaafu anakuuzia karatasi.

Wanaonaswa kirahisi ni waliozaliwa hapa hapa. Mtu kazaliwa Ilala, ndugu wako Temeke, anajiona yuko kwao, na kweli yuko kwao. Ila Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili: ukichukua wa nje, wa Tanzania umekwisha, na mpakani unahesabiwa mgeni. Kishoka analijua hilo, ndiyo maana anaanza na heshima: "Shikamoo mzee wangu, wewe si mgeni hapa, hiyo kazi ndogo, Uhamiaji pale Kurasini nina watu." Wengine wanamshauri mzee atumie pasipoti yake ya zamani ya Tanzania kuingilia. Usithubutu. Hilo ni kosa la jinai, na atakayesimama mahakamani ni wewe, yeye atakuwa ameshabadilisha laini.

Sasa siku. Viza ya kawaida ni dola 50 na inakupa siku 90 zisizozidi. Mwenye pasipoti ya Marekani analipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi, inayodumu mwaka mmoja, na hapa ndipo wazee wengi wanapochanganyikiwa: mwaka ule ni wa kutumia viza, si wa kukaa. Kila ukiingia, mwisho ni miezi mitatu. Kishoka anakuonyesha neno la mwaka kwenye karatasi yako mwenyewe, anakwambia "hii nimeshakuongezea", anachukua chake. Siku ya 91 wewe ni mkosaji na hujui.

Mtego wa pili ni wa muhuri. Anaomba pasipoti yako aipeleke Namanga au Horohoro "ikagongwe kutoka na kuingia" wewe ukiwa umekaa nyumbani. Tangu mfumo wa uhamiaji mtandao uzinduliwe mwaka 2018, safari zinaingizwa kwenye kompyuta, na mpakani picha na alama za vidole vinachukuliwa. Muhuri usio na kumbukumbu kwenye mfumo unaonekana pale pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere siku unaposafiri kwenda kuona wajukuu. Hapo kuna kushikiliwa, kufunguliwa kesi, au kupigwa PI, yaani kutangazwa mhamiaji asiyetakiwa, ukaondolewa kwenye nchi uliyoijengea nyumba. Pasipoti yako usimpe mtu asiye ofisa aliyeko ofisini kwake, hata kwa usiku mmoja.

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote kwa sababu mwanzoni unafanana na kazi halali. Maombi ya kibali yanafanyika mtandaoni, kupitia tovuti ya Uhamiaji, immigration.go.tz. Kishoka anakufungulia akaunti kweli, lakini kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Kuanzia hapo kila ujumbe wa Uhamiaji unaingia kwake. Wakiomba kiambatanisho kilichokosekana, yeye anakwambia "wakubwa wamekwama, ongeza kidogo". Maombi yakikataliwa, anakwambia yako mezani. Kibali kikitoka, anakizuia mpaka umalizie hela ambayo hamkukubaliana. Na wakati wa kuongeza muda ukifika, huna nywila, huna namba ya maombi, unarudi kwake kwa magoti. Fungua akaunti mwenyewe, au mwanao akufungulie, kwa barua pepe yako. Anayekusaidia kujaza akae pembeni yako, simu inayopokea ujumbe iwe mkononi mwako.

Malipo ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote. Ada ya serikali inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi tunaiita kontro namba: tarakimu 12, inaanza na 99, na inatoka kwenye mfumo baada ya maombi yako kuingia. Unailipa benki au kwa simu kwenye menyu ya malipo ya serikali, na kabla ya kuthibitisha unaangalia jina la anayelipwa. Likitokea jina la mtu, au la duka kwenye lipa namba, acha hapo hapo. Kiwango cha ada kipo kwenye tovuti hiyo hiyo, kwa dola, kwa kila daraja. Hakuna "ada ya haraka" inayolipwa kwa ofisa mkononi. Vilevile angalia tovuti yenyewe: anuani isiyoishia .go.tz si ya serikali ya Tanzania, hata ikiwa na bendera na nembo ya Bibi na Bwana.

Mwenye kibali tayari aanze kushughulikia kuongeza muda mapema, miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho ni salama. Pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita, uwe na barua ya maombi, nakala ya kibali kinachokwisha, picha, na uthibitisho wa kipato kama karatasi ya pensheni au taarifa ya benki. Risiti ya maombi si kibali. Kishoka hupenda kuichapisha kwa rangi na kukwambia inatosha. Na kibali cha mstaafu si cha kufanyia kazi: ukifungua duka au ukaajiriwa, umekiuka masharti yake. Wala hakikupi haki ya kumiliki ardhi, kwa hiyo anayekuunganishia kibali na kiwanja kwa pamoja mkatae mara mbili.

Kama umeshaliwa, usijifiche ukisubiri atapokea simu. Nenda ofisi ya Uhamiaji Kurasini na pasipoti yako wakague ulichopewa, na uende kabla siku zako hazijaisha, maana anayejipeleka mwenyewe anasikilizwa tofauti na anayekamatwa. Ripoti polisi upewe RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, ukiwa na jumbe zote za WhatsApp na za miamala. Usifute chochote, hata za kutukanana. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Kama alikwambia hela ni ya ofisa fulani, piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, namba 113, ni bure. Pigia na huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia hela mara moja, siku ile ile, kabla hajaitoa kwa wakala.