Jiko halina neno, ila waliotuuzia mtungi ule sitawanyamazia

Nimechelewa kuandika makusudi, nikingoja hasira ishuke. Haijashuka, basi niseme tu.

Uzito wa jiko, ukubwa wake na muda wa kuchemsha lita moja vimeandikwa kwenye boksi, atakaye atasoma. Mimi nazungumzia mtungi wa gesi na mtu aliyenipa. Tulipokwenda kununua jiko hili dogo la kubeba mgongoni, nilieleza waziwazi kwamba tunapanda milimani na watoto, tutalala kwenye hema, na usiku huko baridi hukaribia kugandisha maji. Nikauliza mtungi upi unafaa. Kijana wa dukani hakuinua uso kutoka kwenye simu yake. "Dada, gesi ni gesi. Chukua wowote, yote inaingia." Akanyoosha mkono kwenye rafu iliyo karibu naye, akanipa.

Kuingia uliingia kweli. Uzi wa kuufungia kwenye jiko ulishika barabara, hakuna kilichovuja.

Siku ya kwanza ya safari mvua ilitukuta njiani, tukafika kambini jioni tumelowa hadi ndani. Kitinda mimba wetu alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Mzazi aliyewahi kutembea na watoto baridini anajua hapo hakuna mjadala: nguo mbichi zitoke, kavu ziingie, kofia kichwani, mtoto ajikunje ndani ya mfuko wa kulalia, kisha apate kitu cha moto na chenye sukari. Mtoto hupoa haraka kuliko mtu mzima, na akiacha kutetemeka huku maneno yakianza kumshinda, ujue mambo yameharibika. Kwa hiyo nilipowasha jiko sikuwa natafuta starehe ya supu. Nilikuwa natafuta maji ya moto kwa ajili ya mwanangu.

Likawaka vizuri, moto wa buluu unavuma. Dakika chache tu, moto ukaanza kunywea. Nikafungua valvu hadi mwisho, ukazidi kunywea. Maji hayajatoa hata kiputo, ukazimika. Nikautikisa mtungi, nikasikia gesi ikicheza ndani, tele. Ubavuni ulikuwa baridi kama barafu.

Sababu yake si fumbo, na muuzaji wa vifaa vya kambi hana udhuru wa kutoijua. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama majimaji. Kinachowaka ni mvuke unaotoka juu yake. Butani tupu, aina mojawapo ya gesi ya mitungi, ukiwa usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi -0.5 za Selsiasi. Ikipoa kufikia hapo haina tena nguvu ya kusukuma moto. Na usidhani uko salama kwa sababu hewa ina nyuzi 5 au 6, kwani majimaji yakigeuka mvuke hunyonya joto, hivyo mtungi huzidi kupoa kadiri unavyopika. Ziko gesi nyingine mbili zinazostahimili zaidi: isobutani huchemka karibu na nyuzi -12, propani kwenye -42. Ndiyo maana mitungi ya kutumia kwenye baridi huwa na mchanganyiko wa hizo mbili. Wetu ulikuwa butani peke yake. Niliyaona maandishi hayo baadaye kwa tochi, yamechapwa chini kabisa, kijivu juu ya rangi ya fedha.

Aliyetunusuru ni binti yetu mkubwa. Hakuokota kuni chini, maana zote zilikuwa zimenyonya maji. Alivunja vijiti vikavu vilivyokufa vikiwa bado vimeshikana na mti, sehemu za chini ambako matawi ya juu yamezuia mvua. Akampa baba yake gogo jembamba alipasue, kwa sababu moyo wa gogo hubaki mkavu hata gamba likiwa chapachapa, wakachonga humo vibanzi vyembamba. Akapanga vijiti vinene kwanza viwe sakafu, moto usikae kwenye tope, vibanzi juu yake, kisha vijiti vidogo, vikubwa vikafuata. Ulishika. Nilimwangalia mtoto yule akiukinga moto kwa mwili wake, nikajivunia kuliko ninavyoweza kueleza. Mdogo wake akanywa maji ya moto yenye sukari, kutetemeka kukapungua, akalala.

Lakini kambi ile inaruhusu moto wa kuni. Ziko nyingi ambazo haziruhusu, na juu kabisa mlimani, ambako miti haioti tena, hakuna cha kuchoma hata ukiruhusiwa. Tungekuwa huko?

Tuliporudi nilikwenda dukani na mtungi mkononi. Sikwenda kugomba wala kudai fedha. Nilitaka waitenganishe mitungi rafuni, mama mwingine asiuziwe kama nilivyouziwa. Safari hii alikuwepo mwenye duka mwenyewe. Akanisikiliza nusu, akasema mbele ya wateja: "Mama, jiko letu halina kasoro. Kasoro iko kwa mpishi."

Nilivumilia hilo. Na nikiwa mkweli kwa jiko, hakukosea kabisa. Nimelitumia tena na mtungi wa mchanganyiko nilionunua kwingine. Usiku nililala nao ndani ya mfuko wa kulalia, asubuhi nikauweka juu ya kipande cha godoro la sponji usigusane na ardhi, na jiko likachemsha maji kwenye baridi kali bila kusita. Miguu yake ni imara, sufuria haiyumbi, moto unashuka chini kiasi cha kupika wali bila kuunguza. Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota tatu, hata nne, nisimalizie hasira zangu kwa chombo kisicho na kosa.

Ila nikikumbuka alichoongeza nilipokuwa nageuka kutoka, mkono unakataa kuandika nne. Alisema: "Wenzako wanaliingiza ndani ya hema, linawaka bila shida."

Ndani ya hema! Mume wangu alilitaja wazo hilo usiku ule, nami nikalikataa pale pale. Jiko linalowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomchukua mtu usingizini. Hapo sijataja kitambaa cha hema kinavyoshika moto na kuyeyuka juu ya waliolala. Na huyu anawashauri wazazi kufanya hivyo, kwa sauti ya kujiamini, ili tu asikiri kwamba aliuza mtungi usiofaa.

Kwa hiyo nyota moja. Anayetaka jiko hili alinunue bila wasiwasi, nalisema kwa moyo mmoja, ila ageuze mtungi na kusoma chini yake kabla ya kulipa. Akiona butani peke yake na safari yake ni ya baridi, aurudishe rafuni, hata muuzaji akimhakikishia vipi.