Pete ya uchumba: almasi ya mgodini au ya maabara?

Ukiziweka zote mbili kiganjani, jicho halitazitofautisha. Zote ni kaboni, zote zina ugumu wa 10 kwenye kipimo cha Mohs. Tofauti iko zilikotoka.

Ya mgodini hupitia Mpango wa Kimberley, utaratibu wa kimataifa wa kuzuia almasi za vita ulioanza 2003, na wengi huuamini kupita kiasi. Cheti chake kinahusu almasi ghafi tu, na kinalenga zile zinazofadhili waasi wanaopigana na serikali. Mchimbaji anayepunjwa ujira, au mtoto anayebeba ndoo za mchanga, hawamo humo. Kwa hiyo mwulize sonara jina la mgodi. Akibabaika, ondoka. Akikutajia, na wachimbaji wake wakawa wanalipwa haki yao, pesa yako inalisha familia za wachimbaji, jambo ambalo ya maabara haiwezi.

Ya maabara haina shimo wala vita, na ni nafuu zaidi. Ila hula umeme mwingi. Uliza kama ni wa makaa ya mawe au wa jua. Mara nyingi ukingoni, kwa lenzi ya sonara, utaona namba ndogo iliyochongwa kwa leza. Ilinganishe na ya kwenye ripoti ya ukaguzi inayokuja na almasi hiyo.

Mimi ningechukua ya maabara, isipokuwa nimeonyeshwa mgodi kwa maandishi. Na dhahabu nayo iulizwe ilikotoka.