Nilitaka slivu, nikafanyiwa baipasi: uzoefu wangu wa miezi 18

Kwa miaka minane nililala na mito mitatu. Sikuwahi kufikiria kuwa hilo ni jambo la kumwambia daktari, niliona ni namna yangu ya kulala tu. Nikilala bila kuinua kichwa, saa nane za usiku nashtuka na uchungu kooni, kifua kinawaka moto, nakaa kitako kitandani nameza mate mpaka kipoe. Naanza na mito kwa sababu mito ndiyo iliyoamua nifanyiwe upasuaji upi wa kupunguza uzito, slivu au baipasi. Kilo zangu 127 hazikuamua.

Nilikuwa na miaka 38, urefu sentimita 163, kisukari aina ya pili mwaka wa nne, na magoti yaliyonilazimisha kushuka ngazi kinyumenyume. BMI yangu, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ilikuwa karibu 48. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka mtu awe na BMI 40 ndipo afikiriwe kwa upasuaji, au 35 kama tayari ana ugonjwa uliotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikashusha kiwango hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa, na wenye kisukari wanaweza kufikiriwa kuanzia 30. Kwa hiyo kwangu mimi, kufanya au kutofanya halikuwa swali tena. Kilichobaki ni kuchagua.

Na nilishachagua, au nilidhani hivyo. Rafiki yangu wa karibu alifanyiwa slivu mwaka mmoja kabla, akapungua kilo 35, na mimi nilimuona kila hatua. Kwa asiyejua, slivu ni kukata na kutoa kabisa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama robo tatu au zaidi, libaki mrija mwembamba. Utumbo hauguswi. Kile kipande kinachotolewa ndicho kinachotengeneza kwa wingi grelini, homoni inayotuma habari ya njaa kwenye ubongo. Rafiki yangu alikuwa akiniambia "siku hizi mpaka nijikumbushe kula," na mimi, niliyeamka na kulala na njaa tangu utotoni, nilikuwa nalia nikikata simu. Nilitaka kile alichofanyiwa yeye, basi.

Daktari wa kwanza hakunipinga. Aliniuliza uzito, sukari na presha, akasema slivu inanifaa, akanipa tarehe ya wiki tatu mbele. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika 15. Hakuniuliza kuhusu kiungulia, wala hakuniandikia kipimo cha kamera cha kuangalia tumbo. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha vidonda vya tumbo, nikaweka alama ya hapana, kwa sababu sikuwahi kuambiwa nina vidonda. Sitaji jina la hospitali, lakini jambo hili linaniuma mpaka leo. Anayekwenda kukatwa kiungo kisichorudi anastahili kuulizwa zaidi ya pale.

Aliyenistua ni mfanyakazi mwenzangu. Yeye miaka mingi iliyopita alivishwa mkanda, ule wa silikoni unaofungwa sehemu ya juu ya tumbo na kukazwa kwa kuingiza maji kupitia kitufe kilichofichwa chini ya ngozi. Wake uliteleza. Akawa anatapika hata maji, mwisho ukatolewa, na kilo zikarudi zote. Nilipomwambia nina tarehe, aliniangalia akasema: "Mimi niliuliza nitapungua kiasi gani. Sikuuliza kikiharibika kitaharibika vipi." Usiku ule sikulala, na safari hii haikuwa kwa kiungulia.

Nikatafuta daktari wa pili. Huyu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kuandika taratibu. Alimaliza maswali ya sukari na presha, kisha akaniuliza, "Na unalalaje, dada?" Nikadhani anauliza kuhusu kukoroma. Nikamwambia nakoroma, na nalala na mito mitatu. Akaweka kalamu chini. "Mito mitatu tangu lini?"

Wiki iliyofuata nilifanyiwa endoskopi, kile kipimo cha kamera cha kuangalia tumbo. Umio wangu, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, sehemu ya chini ulikuwa na michubuko ya tindikali, na tumbo lilikuwa limepanda kifuani kidogo kupitia kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kile wanachokiita ngiri ya kiwambo. Alinionyesha picha. Ilikuwa nyama nyekundu yenye mistari kama ya kucha. Miaka minane ile nilikuwa najiunguza, na nilikuwa nakaribia kwenda kufanyiwa upasuaji ambao ungeweza kuzidisha.

Alinichorea nyuma ya karatasi ya majibu, na mchoro ule ninao bado. Tumbo la kawaida ni mfuko unaotanuka, likijaa linalegea. Ukilifanya mrija linapoteza ule uwezo, presha ndani inapanda, na tindikali inatafuta njia ya kwenda juu. Si kwa kila mtu, ila kwa aliyekwisha kuwa na kiungulia ni hatari ya kufikiria sana. Baipasi inafanya kazi kwa namna nyingine. Sehemu ndogo ya juu ya tumbo inatengwa iwe kikoba cha mililita 30 hivi, kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Tumbo kubwa lililobaki halitolewi. Linakaa palepale, linaendelea kutoa majimaji yake, lakini majimaji hayo yanakutana na chakula mbali kule chini, kwa hiyo tindikali nyingi haina njia ya kulifikia umio. Akanitajia utafiti wa Uswisi uliolinganisha upasuaji huu aina mbili na kuchapishwa 2018. Baada ya miaka mitano tofauti ya uzito uliopungua haikuwa kubwa, lakini kwa waliokuwa na kiungulia kabla, kilizidi kwa asilimia 31.8 ya waliofanyiwa slivu, na kwa waliofanyiwa baipasi ni asilimia 6.3 tu. Nilimuomba arudie namba hizo nikaziandika kwenye simu.

Sasa usidhani nilitoka pale nikishangilia. Nilitoka na huzuni. Slivu ilikuwa na sura ninayoielewa, ya rafiki yangu aliyevaa gauni jipya. Baipasi ilikuja na mambo yake mengi. Vitamini na madini maisha yote, kwa sababu chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo ambako madini chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi, na vitamini B12 nayo inakosa tumbo la kuisaidia. Sukari ikiingia kwa kasi mwili unaweza kugoma. Utumbo unaweza kupenya kwenye mianya iliyobaki baada ya kuunganishwa upya ukajinyonga, hata miaka kadhaa baadaye. Na lile lililonitisha kuliko yote: hakuna tena dawa za maumivu kama ibuprofeni, hakuna diklofenaki, maana zinaweza kusababisha kidonda pale kikoba kilipounganishwa na utumbo. Mimi magoti yangu yalikuwa yanaishi kwa diklofenaki.

Niliuliza na aina nyingine, sikutaka kuacha mlango bila kuugonga. Puto la kuwekwa tumboni linakaa miezi sita au zaidi kidogo kisha linatolewa, na mimi sikuwa nahitaji kitu cha muda. Baipasi ndogo, ile ambayo utumbo unaunganishwa mahali pamoja badala ya pawili, ni fupi zaidi kufanya, ila nyongo inaweza kupanda hadi kwenye kikoba, na kwa umio kama wangu daktari hakuipenda. Kuna pia ule upasuaji mkubwa unaochanganya slivu na kuruka sehemu ndefu ya utumbo. Ndio unaopunguza kilo nyingi kuliko yote na kisukari hukikamata vizuri, lakini upungufu wa lishe ni mzito zaidi na unaanza na slivu ileile. Tukaufunga.

Nilichukua miezi miwili kuamua. Kilichonisaidia ni kubadilisha swali. Niliacha kuuliza upi unapunguza zaidi, nikawa najiuliza shida ipi naweza kuishi nayo. Vidonge kila asubuhi naweza, tayari nilikuwa nameza vya sukari. Kuacha diklofenaki nilikuwa siwezi, mpaka daktari aliponiambia nijaribu kuiacha wiki sita kabla ya upasuaji, nitumie parasetamoli na mazoezi ya physio. Zilikuwa wiki ngumu, sitadanganya. Lakini nilizivuka nikiwa na kilo zangu zote 127, nikajua nikipungua nitaweza. Kuamka usiku na moto kifuani maisha yangu yote, hilo ndilo sikuweza.

Wiki mbili za mwisho kabla ya upasuaji ni vyakula vyepesi vya wanga kidogo na protini nyingi, ili ini lipungue ukubwa na daktari apate nafasi ya kupitisha vyombo. Upasuaji wenyewe ni wa matundu madogo, mimi nina makovu matano, na kama masaa mawili ya nusukaputi. Jioni ileile walinisimamisha nitembee ukumbini, damu isigande miguuni. Nilitembea nimeshika mti wa dripu, hatua za mtoto.

Asubuhi yake nesi alileta kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa ya maji. Akaniambia ninywe maji yale kwa robo saa. Nikakitazama. Pembeni kimechorwa mistari na mstari wa juu umeandikwa 30. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu kabla ya kukigusa mdomoni. Kikombe kile ndicho tumbo langu. Fundo la kwanza nililisikia likishuka na kukaa, kama mtu aliyeingia chumba kidogo akasimama. Hakuna maelezo niliyoyasoma yaliyonieleza kitu nilichokifanya kama kikombe kile.

Nikaenda hatua kwa hatua: maji, vinywaji vizito, vya kupondwa, vilaini, kisha vya kawaida, karibu miezi miwili yote. Kanuni niliyohangaika nayo ni kutokunywa pamoja na kula. Nasubiri nusu saa. Mara tatu nilikula haraka nikatapika, na maumivu yake yapo katikati ya kifua kama jiwe. Kisukari ndicho kilichonishangaza. Kabla hata kilo hazijapungua za kuonekana, sukari ya asubuhi ilishuka, na wiki ya tatu daktari alinisimamishia metformini, dawa yangu ya sukari. Daktari anasema si kilo peke yake. Kubadili njia ya chakula kunabadilisha homoni za utumbo zinazoongoza insulini. Sijairudia dawa hiyo mpaka leo, ingawa napimwa, kwa sababu kisukari kinaweza kurudi.

Mwezi wa tano nilikunywa glasi ya juisi kwa mkupuo kwenye sherehe, nikisahau. Dakika 15 baadaye moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka mpaka mgongoni, mikono ikatetemeka, tumbo likasokota. Nilijilaza kwenye kiti cha gari zaidi ya nusu saa, nikiwa naogopa kabisa. Ndiyo ile hali niliyoonywa, sukari inaporukia kwenye utumbo kwa kasi. Tangu siku ile nasoma lebo. Mwezi huohuo nywele zilikuwa zinatoka kwa mafungu nikichana. Hili hakuna aliyenitayarisha nalo vya kutosha, na ningependa wangenitayarisha, kwani nililia zaidi kwa nywele kuliko kwa matundu ya tumbo. Zilianza kurudi mwezi wa tisa, protini yangu ikiwa imefika gramu 70 kwa siku.

Leo nina kilo 86. Nashuka ngazi nikitazama mbele. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea na sijaamua nitaifanya nini. Baipasi yangu naipa alama za juu kabisa kwa kiungulia na kisukari, na alama za kati kwa usumbufu wa kila siku, maana vidonge vinne na kalsiamu ya mara tatu si mzigo mdogo, hasa ukisafiri. Ungekuwa na umio mzima, huna kisukari, na magoti yako yanahitaji dawa zile kweli, pengine slivu ingekuwa jibu lako, na ningekupa namba ya rafiki yangu akusimulie. Yeye bado hajuti, na kilo zake hazijarudi. Ila kabla ya tarehe ya upasuaji wowote ule, omba endoskopi. Ukiambiwa haina haja, uliza kwa nini, na usitosheke na jibu la haraka.

Nalala na mto mmoja. Wiki mbili za kwanza baada ya kurudi nyumbani niliendelea kupanga mitatu kwa mazoea, mpaka usiku mmoja uliteleza wa juu, kisha wa pili, nikaamka asubuhi kichwa kiko chini na koo liko kavu na tulivu. Nilibaki nimelala pale nikipumua.

Damu ya mwisho ilionyesha madini chuma yako chini kidogo, nimeongezewa dozi. Narudi maabara mwezi ujao, na kama bado hayajapanda nitawekewa ya dripu.