Sarafu zangu mbili za Monako: Lucien wa 2012 na Honoré V wa 2019

Nimekaa nazo miezi mitatu ndo naandika sasa, maana mzigo ukifika siku ileile unasifia kila kitu. Ni sarafu mbili za ukumbusho za euro 2 kutoka Utemi wa Monako, ya Lucien Grimaldi nimeichukua kwa euro 65 na ya mtemi Honoré V kwa 170, wauzaji wawili tofauti, zote mtandaoni. Najua kuna atakayeuliza hela yote hiyo kwa euro mbili ya nini, ngoja nieleze.

Mapenzi haya nimeyapata kwa babu, Tanga. Alikuwa na pesa moja ya shaba ya Sayyid Barghash, ile ya mwaka 1299 wa Hijria yenye mizani upande mmoja, akinikalisha jioni ananisomesha jina la Sultani kwa kidole, herufi kwa herufi. Basi mpaka leo nikishika sarafu yoyote cha kwanza natafuta huyu mtu anaitwa nani, cheo chake nini na kapewa na nani.

Na kwa vyeo, Monako ni chungu nzima. Wengi wanauza hii ya 2012 wakiandika "mtemi Lucien", si kweli, Lucien hakuwahi kuwa mtemi, alikuwa bwana wa Monako basi. Ubwana wenyewe aliuchukua 1505 kwa kumuua kaka yake Jean, halafu Wagenova, watu wa mji wa Genova, Italia, wakaja kumzingira wakashindwa wakarudi kwao, na 1512 mfalme Louis XII wa Ufaransa akatambua kwamba Monako haiko chini ya mtu, hiyo 1512 ndo miaka 500 inayokumbukwa kwenye sarafu. Lucien mwenyewe hakufa kitandani, 1523 mpwa wake Bartolomeo Doria alimuua. Cheo cha mtemi kilianza kutumika 1612 kwa Honoré II, Lucien ana karibu miaka tisini kaburini. Kwa hiyo ukiishika hii unamshika mtu aliyepigania ukoo wa Grimaldi kabla ukoo haujapata jina kubwa, na mimi kwa kweli hapo ndo iliponigusa.

Huyo Honoré II naye 1641 aliwaacha Wahispania akaenda kwa Wafaransa, akapoteza mali zake za upande ule, ndo mfalme Louis XIII akamfidia kwa ardhi na vyeo vya Valentinois, Baux na Carladès. Usidhani ni mambo ya makumbusho tu, mapacha wa mtemi wa sasa Albert II waliozaliwa Desemba 2014 wanavitumia mpaka leo, Jacques ni Markizi wa Baux na Gabriella ni Kontesa wa Carladès, na Gabriella alitangulia kuzaliwa kwa dakika mbili lakini mrithi ni Jacques kwa sababu ni wa kiume. Mimi hilo linaniuma, nasema wazi.

Sasa ubora. Lucien ilikuja kwenye kapsuli, kile kikasha cha plastiki cha kulinda sarafu, safi, haina mkwaruzo, nikaiweka kwenye mizani ya sonara ikasoma gramu 8.5 kamili, kipenyo milimita 25.75, sumaku ikashika kidogo katikati lakini ile duara nyeupe ya nje haikushika kabisa, na ndivyo euro 2 halisi inavyotakiwa. Fanyeni hivi jamani, hasa mkitaka ile ya 2007 ya Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na mtemi wa Monako, zilitolewa 20,001 tu na bandia zake zimejaa, ukiiona ya bei ya kutupa achana nayo.

Honoré V ndo iliniumiza kichwa. Imetolewa 15,000, kukumbuka miaka 200 tangu ashike utawala 1819, na inauzwa na boksi na cheti. Muuzaji alipiga picha na boksi, mimi nikapokea kapsuli imefungwa kwenye karatasi ya jikoni, boksi hamna, cheti hamna, na pembeni ya uso kuna alama ya kidole cha mtu, ukiinamisha chini ya taa unaiona mistari yake yote kwenye ule uwanja unaong'aa kama kioo. Iliniuma sana. Msijaribu kuifuta, ukipitisha kitambaa hapo umeongeza mikwaruzo na thamani imekwenda. Nilimwandikia mara tatu, mwisho akarudisha euro 40, boksi mpaka leo sijaliona.

Lakini sarafu yenyewe sijutii. Honoré V ndiye aliyepiga sarafu zake mwenyewe 1837 na 1838, faranga na senti zenye jina lake, kwa hiyo kumuona amerudi kwenye euro nahisi ni mahali pake hasa.

Mtu anayeanza nitamwambia achukue ile ya Umoja wa Mataifa ya 2013, zilitoka zaidi ya milioni moja, bei yake nafuu na ni Monako ileile. Mimi ninakaa Nice, Ufaransa, treni mpaka Monako ni kama dakika ishirini na kitu, ijayo nakwenda makumbusho yao ya stempu na sarafu kule Fontvieille ninunue mkono kwa mkono, boksi nalifungua palepale kaunta.