Kliniki ya afya ya akili kwa jicho la mtu anayeishi kwa mshahara

Tathmini hii inahusu kliniki ya wagonjwa wa nje ya afya ya akili katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam, ambako ninatibiwa ugonjwa wa bipola huku nikiwa keshia wa chama cha akiba na mikopo.

Upande wa tiba sina lawama. Kabla ya lithiamu, dawa ya kutuliza bipola, nilikuwa mtu wa kuacha kazi nikiwa na furaha iliyopitiliza, kisha nikizama nashindwa kutafuta nyingine, na kila nilipoajiriwa upya nilianzia mshahara wa chini. Dawa iliponitetemesha vidole, jambo ambalo si dogo kwa anayehesabu noti mbele ya mteja, daktari aliniuliza kwa kina kazi yangu ikoje, akaagiza damu ipimwe, akapunguza dozi, na mtetemo ukatulia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2016 kwamba kila dola 1 inayotumika kutibu sonona na wasiwasi hurudisha dola 4, na nikitazama hati zangu za mshahara sina sababu ya kubisha.

Kasoro iko kwenye ratiba. Damu ya kupima lithiamu hutolewa takriban saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo anayemeza usiku hana budi kufika asubuhi. Lakini maabara na daktari havipangwi siku moja, na dawa hutolewa za mwezi mmoja tu hata kwa aliyetulia. Mwajiriwa ana kinga, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu. Muuza mitumba ninayekaa naye kwenye benchi hana hata moja, na si ajabu watu wa aina yake ndio wanaokatisha dawa.

Linaloniudhi zaidi ni muhuri. Cheti cha kupumzika hugongwa "Kliniki ya Magonjwa ya Akili" kwa wino wa zambarau, maandishi makubwa kuliko jina la mgonjwa, ilhali mwajiri anachohitaji ni idadi ya siku. Changu kilipofika ofisini nilihamishiwa masjala, na posho ya ukeshia ikakatwa.

Hata hivyo ninaipendekeza, hasa kwa mwenye bima. Ukipewa cheti, omba kigongwe muhuri wa idara ya wagonjwa wa nje. Mapokezi wanao, ila hawautoi mpaka uombe.